Mzigo Kabla ya Jengo: Namna ya Kukadiria Mtitio wa Udongo Mfinyanzi

Katika kata za mabondeni hutokea jambo linalozua maswali mengi. Kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya zahanati, madarasa au ofisi husafishwa, malori huja na kumwaga kifusi, tuta kubwa la udongo husimama hapo, kisha kazi huonekana kukoma. Mwezi hupita, msimu wa mvua hupita, na tuta lingali pale pale. Wapo wanaosema kuwa fedha zimeliwa. Wapo wanaosema kuwa fundi amekimbia. Na wapo wanaochukua toroli na kwenda kuchota udongo huo kwa ajili ya nyumba zao, wakidhani kwamba ni mali isiyo na mwenyewe.

Somo la toleo hili linaeleza kazi ya tuta hilo, namna wahandisi wanavyokadiria ni sentimita ngapi ardhi itatitia na kwa muda gani, na namna ya kujua kwamba wakati wa kuliondoa umefika. Hesabu zilizomo ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Mjumbe wa kamati ya ujenzi akizielewa, ataweza kumuuliza mtaalamu maswali yenye uzito, na mkazi wa kawaida ataweza kutofautisha kati ya mradi uliotelekezwa na mradi unaosubiri kwa sababu.

1. Udongo tunaouzungumzia

Udongo mfinyanzi laini hupatikana mahali ambapo maji yalitulia kwa miaka mingi na kuacha chembe ndogo mno: kwenye mabonde ya mito, majaruba ya mpunga, kingo za maziwa na maeneo ya mikoko. Mabonde kama ya Rufiji, Kilombero na Msimbazi yana sehemu za namna hiyo. Chembe zake hazionekani kwa macho, na kati yake mna nafasi zilizojaa maji. Katika mfinyanzi laini sana, maji hayo huweza kuchukua nafasi kubwa kuliko chembe zenyewe.

Udongo huu usichanganywe na udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Tatizo la udongo wa mbuga ni kuvimba na kusinyaa, na dawa yake ni nyingine. Tatizo la mfinyanzi laini wa bondeni ni kutitia: ukiuwekea mzigo, hushuka polepole, mwezi baada ya mwezi, wakati mwingine mwaka baada ya mwaka.

Jengo likishuka lote kwa usawa, madhara huwa machache. Lakini ardhi haishuki kwa usawa. Upande mmoja tabaka la mfinyanzi ni nene, upande wa pili ni jembamba; chumba kimoja kina tangi la maji, kingine hakina kitu. Hapo ndipo kuta hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe za madirisha, milango hukataa kufungwa, mabomba hukatika na maji machafu hurudi ndani. Zahanati yenye ufa katika chumba cha kujifungulia hufungwa, na mama mjamzito husafiri tena hadi kata ya jirani. Kisha fedha za ukarabati hutafutwa kila mwaka kwa jengo ambalo bado halijazeeka.

2. Maji ndiyo yanayobeba mzigo kwanza

Akina mama wanaokamua muhogo uliokunwa wanalijua somo hili tangu zamani. Muhogo hutiwa katika gunia, juu yake huwekwa mawe. Mawe yakishawekwa, gunia halipungui papo hapo. Maji huanza kuchuruzika kidogo kidogo, na kadiri yanavyotoka ndivyo gunia linavyosinyaa na muhogo unavyokaza. Jiwe zito hukamua zaidi. Gunia jembamba hukamuka upesi kuliko gunia nene. Na maji yakishatoka, ukiondoa mawe, muhogo haurudi kuwa laini kama mwanzo.

Mfinyanzi hufanya hivyo hivyo. Tuta linapowekwa, mzigo wake hubebwa kwanza na maji yaliyomo kati ya chembe, na shinikizo la maji hayo hupanda. Kwa kuwa vijia kati ya chembe ni vyembamba mno, maji huchukua muda mrefu kutoka. Yanapotoka, mzigo huhama kutoka kwenye maji kwenda kwenye chembe. Chembe husogeleana, tabaka hupungua unene, na udongo huongezeka nguvu. Kitendo hiki tukiite mgandamano, na kushuka kwa ardhi kunakotokana nacho tukuite mtitio.

Aliyeupatia mgandamano hesabu yake ni mhandisi Karl Terzaghi, aliyezaliwa Praha mwaka 1883. Alifanya majaribio yake alipokuwa akifundisha Istanbul, akachapisha mlinganyo wake mwaka 1923. Hadi leo maabara za udongo duniani hufuata msingi aliouweka.

Kuweka mzigo wa awali, basi, ni kuifanya ardhi itimize mtitio wake kabla jengo halijafika. Tuta ni mawe juu ya gunia. Ardhi ikishashuka chini ya tuta, tuta huondolewa, na jengo hukaa juu ya udongo uliokwisha kukamuliwa.

3. Swali la kwanza: ardhi itatitia kiasi gani?

Tuchukue mfano wa kiwanja chenye tabaka la mfinyanzi lenye unene wa mita 4. Chini yake mna mchanga, na juu yake mafundi wametandaza mchanga ili maji yapate pa kutokea. Jengo pamoja na kifusi cha kudumu vitaweka mzigo wa tani 3 kwa kila mita ya mraba.

Mtaalamu huchimba shimo la uchunguzi, huchukua kipande cha udongo bila kukivuruga, na kukipeleka maabara. Huko hupimwa uwiano wa nafasi, yaani ujazo wa nafasi zilizomo kati ya chembe ukilinganishwa na ujazo wa chembe zenyewe. Tuseme maabara imepata 1.5. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu 2.5 za udongo, sehemu 1 ni chembe na sehemu 1.5 ni maji.

Tabaka letu la mita 4 tukiligawa kwa 2.5, tunapata mita 1.6 za chembe. Zinazobaki, mita 2.4, ni maji.

Kisha kipande hicho hugandamizwa katika mashine kwa mizigo inayopanda hatua kwa hatua. Tuseme chini ya mzigo wa jengo letu, yaani tani 3, uwiano unashuka kutoka 1.5 hadi 1.3. Chembe hazipungui, ni zile zile mita 1.6. Maji sasa ni 1.6 mara 1.3, sawa na mita 2.08. Yalikuwa mita 2.4. Tofauti ni mita 0.32.

Mtitio wa mwisho chini ya jengo ni sentimita 32.

Hesabu nzima ni hiyo: tafuta unene wa chembe, uzidishe kwa tofauti ya uwiano wa nafasi kabla na baada ya mzigo. Katika mfano wetu, 1.6 mara 0.2. Sentimita 32 ni zaidi ya urefu wa rula ya mwanafunzi, na hakuna ukuta wa tofali utakaovumilia upande mmoja ukishuka hivyo na mwingine ukishuka nusu yake.

4. Swali la pili: itachukua muda gani?

Muda hutegemea mambo mawili: wepesi wa maji kupita katika udongo, na umbali ambao tone la maji lililo mbali zaidi linalazimika kusafiri ili litoke.

Wepesi huo pia hupimwa maabara, nao hutajwa kwa mita za mraba kwa mwaka. Tuseme udongo wetu una kasi ya mgandamano ya 2. Ama umbali: kwa kuwa mchanga uko juu na chini ya tabaka, tone lililo katikati kabisa husafiri mita 2 tu kufika upande wowote.

Kanuni ni hii: zidisha umbali kwa umbali, zidisha kwa namba ya hatua, kisha gawanya kwa kasi ya mgandamano. Namba ya hatua imekokotolewa tayari kutokana na mlinganyo wa Terzaghi. Kwa nusu ya mtitio ni 0.197, kwa asilimia 80 ni 0.567; kwa asilimia 90 ni 0.848, kwa asilimia 95 ni 1.129.

Katika mfano wetu, umbali mara umbali ni 4. Gawanya kwa 2, unapata 2. Kwa hiyo:

Nusu ya mtitio: 0.197 mara 2, yaani mwaka 0.39, takriban miezi 5.

Asilimia 80: 0.567 mara 2, yaani mwaka 1.13, takriban miezi 14.

Asilimia 90: 0.848 mara 2, yaani mwaka 1.7, takriban miezi 20.

Asilimia 95: 1.129 mara 2, yaani miaka 2.26, takriban miezi 27.

Tazama jinsi mwendo unavyopungua. Nusu ya kwanza huisha katika miezi 5, lakini kutoka asilimia 80 hadi 90 pekee huhitaji miezi 6 mingine. Ndiyo maana tuta huonekana kushuka sana mwanzoni, kisha watu wakadhani kuwa limekwisha kutulia ilhali bado.

Tazama pia uzito wa umbali. Kama chini ya mfinyanzi pangekuwa na mwamba usiopitisha maji badala ya mchanga, maji yangekuwa na njia moja tu ya kutokea, na umbali ungekuwa mita 4. Umbali mara umbali ungekuwa 16, na asilimia 80 ingechukua miaka 4 na nusu. Umbali ukiongezeka mara 2, muda huongezeka mara 4. Kwa sababu hiyo, pale ambapo tabaka ni nene, wahandisi hutoboa mashimo wima yaliyo karibukaribu na kuyajaza mchanga, au huchomeka kanda maalumu za plastiki zinazopitisha maji. Tone badala ya kupanda mita nyingi kwenda juu, husogea kando mita moja au chini ya hapo na kupata njia. Kwa matabaka manene, hatua hiyo huweza kuugeuza muda wa miaka mingi kuwa wa miezi.

5. Kwa nini tuta ni zito kuliko jengo?

Wengi huuliza kwa nini tuta liwe refu kuliko inavyohitajika. Jibu limo katika hesabu zetu. Kama tungeweka tuta lenye uzito sawa na jengo, tani 3, tungelazimika kusubiri miezi 27 ili tupate asilimia 95 ya zile sentimita 32. Tukiweka mzigo mkubwa zaidi, ardhi hufika pale pale mapema.

Mita moja ya ujazo ya udongo wa kujazia ina uzito wa takriban tani 1.8. Tuta la kimo cha mita 2.5 huweka tani 4.5 kwa kila mita ya mraba. Tuseme maabara inaonyesha kwamba chini ya mzigo huo uwiano wa nafasi ungeshuka mwishowe hadi 1.25. Mtitio wa mwisho ungekuwa 1.6 mara 0.25, yaani sentimita 40.

Lakini hatuhitaji sentimita 40. Tunahitaji 32 tu, kiasi ambacho jengo lingesababisha. Na 32 ni asilimia 80 ya 40. Asilimia 80, kama tulivyoona, hufikiwa kwa miezi 14. Tumeokoa mwaka mzima na zaidi.

Mhandisi makini huhakiki jambo moja jingine. Asilimia 80 ni wastani wa tabaka zima. Katikati, mbali na mchanga, udongo huwa nyuma. Kwa miezi 14, katikati ya tabaka letu chembe zimepokea takriban asilimia 69 ya mzigo wa tuta. Asilimia 69 ya tani 4.5 ni tani 3.1. Jengo ni tani 3. Kwa hiyo hata katikati, udongo umekwisha kubeba mzigo unaozidi kidogo ule utakaoubeba baadaye, na tuta laweza kuondolewa.

Sasa fikiri kuhusu toroli. Tuseme tangu mwanzo wakazi wamechota udongo hadi kimo cha tuta kikapungua kwa nusu mita. Mzigo umepungua kwa tani 0.9, moja ya tano ya mzigo wote. Mtitio wa mwisho chini ya tuta lililopunguzwa hushuka hadi takriban sentimita 35. Zile 32 tunazozihitaji sasa ni zaidi ya asilimia 90, na kungoja kumetoka miezi 14 kumekuwa zaidi ya miezi 20. Udongo wa toroli umeichelewesha zahanati kwa zaidi ya nusu mwaka. Kama mchoto umefanywa upande mmoja tu, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa upande huo hubaki laini, na jengo litakuja kuinama kuuelekea.

6. Kusoma ardhi inavyosema yenyewe

Hesabu za maabara ni makadirio. Kipande cha udongo ni kidogo, na bonde ni kubwa. Kwa hiyo kabla tuta halijamwagwa, mabamba ya chuma hulazwa juu ya ardhi ya asili, kila bamba likiwa na fimbo ndefu inayochomoza juu ya tuta. Bamba likishuka, fimbo hushuka nalo. Mpima ardhi husoma kimo cha fimbo akilinganisha na alama iliyojengwa mbali, kwenye ardhi ngumu isiyotitia.

Vipimo hivyo huweza kutueleza mtitio wa mwisho hata kabla haujafika. Mjapani Akira Asaoka alieleza njia hiyo mwaka 1978, na inatumika sana kwa sababu ya wepesi wake. Kiini chake ni kwamba, mzigo ukiwa haubadiliki na vipimo vikichukuliwa kwa vipindi vilivyo sawa, kila nyongeza ya mtitio huwa ni sehemu ile ile ya nyongeza iliyotangulia.

Tuchukue vipimo vya mfano kutoka kwenye tuta letu. Mwezi wa 4 bamba limeshuka sentimita 18.4. Mwezi wa 8, sentimita 25.7. Mwezi wa 12, sentimita 30.5.

Nyongeza ya kwanza ni 25.7 toa 18.4, yaani 7.3. Nyongeza ya pili ni 30.5 toa 25.7, yaani 4.8. Gawanya 4.8 kwa 7.3, unapata takriban theluthi mbili. Maana yake kila miezi 4 ijayo italeta theluthi mbili ya ile iliyoitangulia: 3.2, kisha 2.1, kisha 1.4, na kuendelea kupungua. Ukizijumlisha zote hadi mwisho, kwa uwiano wa theluthi mbili, jumla yake ni mara 2 ya nyongeza ya mwisho iliyopimwa. Mara 2 ya 4.8 ni 9.6. Ongeza kwenye 30.5, unapata 40.1.

Maabara ilisema 40. Ardhi yenyewe inasema 40.1. Hapo mhandisi huwa na uhakika. Na hujua pia kwamba mwezi wa 12 bado haujatosha, maana 30.5 haijafika 32. Inampasa kungoja takriban miezi 2 zaidi. Endapo ardhi ingesema namba kubwa sana kuliko ya maabara, hilo lingekuwa onyo kwamba tabaka ni nene kuliko ilivyodhaniwa, na tuta lisingeondolewa kwa sababu tu kalenda imefika.

7. Mafunzo kutoka kwingineko

Mnara wa Pisa nchini Italia ulianza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini. Baada ya ghorofa chache kazi ilisimama, ikaendelea tena karibu miaka 100 baadaye. Wataalamu wa udongo waliouchunguza wanaona kwamba kusimama huko ndiko kulikouokoa: mfinyanzi ulipata muda wa kutoa maji na kuongeza nguvu. Ungejengwa mfululizo, ungeanguka zamani hizo. Hata hivyo mzigo haukuwekwa kwa usawa wala kwa kipimo, na mnara uliendelea kuinama hadi ukafungwa kwa wageni mwaka 1990. Ulifunguliwa tena mwaka 2001 baada ya kazi kubwa ya kuuimarisha.

Nchini Japani, uwanja wa ndege wa Kansai ulifunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa kilichotengenezwa na watu katika ghuba ya Osaka. Mfinyanzi laini wa juu, wenye unene wa takriban mita 20, ulichomekwa nguzo za mchanga ili utoe maji upesi. Lakini chini yake kuna matabaka mengine ya mfinyanzi, ya kina kirefu, ambayo hayakuweza kufikiwa. Kisiwa hicho kimeshuka zaidi ya mita 10 tangu kazi ianze, na nguzo za jengo la abiria zimewekewa jeki ili ziinuliwe ardhi inaposhuka bila usawa. Funzo lake ni kwamba hesabu huwa sahihi kwa tabaka lililochunguzwa tu. Shimo la uchunguzi lisilofika mwisho wa mfinyanzi huficha nusu ya habari.

8. Mipaka ya njia hii

Mzigo wa awali si dawa ya kila udongo. Hauondoi tabia ya kuvimba ya udongo wa mbuga. Udongo wenye mabaki mengi ya majani na mizizi huendelea kutitia polepole hata baada ya maji kutoka, na huhitaji uangalizi wa ziada. Tuta halimwagwi lote kwa siku moja, kwani mfinyanzi laini huweza kuteleza kando na tuta likaporomoka. Hupandishwa kwa hatua, kila hatua ikipewa muda. Aidha, ardhi ya pembeni mwa tuta nayo huvutwa chini, hivyo nyumba iliyo karibu sana huweza kupata nyufa.

Kwa mkazi anayetaka kujenga nyumba yake bondeni, kujaza kifusi na kujenga juu yake wiki ileile ni kujitafutia ufa. Kifusi chenyewe ni mzigo mpya juu ya mfinyanzi. Kushindilia kifusi kwa matabaka ni jambo jema, lakini hukaza kifusi tu; hakukamui maji ya mfinyanzi ulio chini. Kabla ya kununua tofali, ulizia unene wa mfinyanzi wa kiwanja chako na upate ushauri wa mhandisi.

9. Wajibu wetu

Udongo wa tuta usichotwe, hata ndoo moja, hadi mhandisi atangaze kwamba mzigo umemaliza kazi. Mbuzi na ng'ombe wasifungwe kwenye fimbo za vipimo, na watoto waelezwe kwamba fimbo hizo si za kuchezea. Fimbo iliyopinda hupoteza kumbukumbu ya miezi yote iliyopita. Mitaro inayopokea maji kutoka chini ya tuta isizibwe kwa taka. Mwenye nyumba jirani anayeona ufa mpya atoe taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji au Ofisa Mtendaji wa Kata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wajumbe wa kamati ya ujenzi nao wana haki ya kuuliza maswali manne: Mfinyanzi una unene gani, na shimo la uchunguzi lilifika mwisho wake? Mtitio unaotarajiwa ni sentimita ngapi? Vipimo vya mabamba hadi leo vinasemaje? Na ni kipimo gani kitakachoruhusu tuta kuondolewa? Majibu yakiwa ya namba, kamati iwaeleze wananchi katika mkutano. Yakiwa ya maneno matupu, kamati idai namba.

10. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Tabaka la mfinyanzi lina unene wa mita 5 na uwiano wa nafasi wa 1.5. Chini ya mzigo, uwiano utashuka hadi 1.35. Mtitio wa mwisho ni kiasi gani?

Swali la 2. Bamba limeshuka sentimita 12 mwezi wa 4, sentimita 18 mwezi wa 8, na sentimita 22 mwezi wa 12. Kadiria mtitio wa mwisho. Je, asilimia ngapi imekwisha kufikiwa?

Swali la 3. Kiwanja cha kwanza kilihitaji miezi 14. Kiwanja cha pili kina udongo wa aina ileile na mchanga juu na chini, ila tabaka lake ni nene mara 2. Asilimia ileile ya mtitio itachukua muda gani?

Majibu. La 1: chembe ni 5 gawanya kwa 2.5, yaani mita 2. Mtitio ni 2 mara 0.15, sawa na sentimita 30. La 2: nyongeza ni 6 na 4, uwiano ni theluthi mbili, kilichobaki ni mara 2 ya 4, yaani 8, mtitio wa mwisho ni sentimita 30, na asilimia 73 imefikiwa. La 3: muda huongezeka mara 4, yaani miezi 56, ambayo ni miaka 4 na miezi 8, kiwanja kama hicho kinahitaji mashimo wima ya mchanga.